Soko la hisa likishuka, matumaini yanatoka wapi hasa?

Kuwa mwekezaji wa muda mrefu wakati chati inapanda ni rahisi, kila mtu anaweza, unafungua apu asubuhi unakuta kijani, unafunga, unaendelea na mishe zako huku unajiona una akili kweli kweli. Kazi inaanza soko likishuka. Na sisemi kule kushuka kwa siku moja, hiyo watu wanaizoea, nasema kushuka kwa wiki baada ya wiki, kila ukidhani sasa imegota inatoboa inaenda chini zaidi, alafu wale wachambuzi uliokuwa unawaamini wanaanza kubadilisha maneno, mwezi uliopita walisema ni marekebisho ya kawaida tu, mwezi huu wanasema safari hii mambo ni tofauti.

Hapo ndipo utaambiwa "tulia, soko hurudi". Siupingi huo ushauri ila naona umeishia njiani. Soko gani hilo linalorudi? Linarudi baada ya muda gani? Na wewe hiyo hela unaihitaji lini? Mtu anayekuambia tulia bila kukuuliza hayo maswali anakuombea dua, hajakushauri.

Msimamo wangu, na nimekaa nao muda mrefu sasa, ni kwamba matumaini ya mwenye hisa ni suala la mpangilio wa hela zake kabla soko halijashuka, roho ngumu inakuja baadaye sana. Nawafahamu watu waoga kabisa, wale ambao hata filamu ya kutisha hawamalizi, wamevuka misukosuko mizito bila kuuza hata hisa moja kwa sababu hela waliyoweka huko hawakuwa na shida nayo. Na nawafahamu wanaojiita majasiri waliouza chini kabisa kwa sababu ada za watoto zilikuwa zimefika na hakukuwa na pengine pa kuchota.

Tuingie kwenye historia basi, ila tuisome yote, maana watu wana tabia ya kuchukua kipande kinachowafaa wanaacha kingine.

Kipande kitamu ni 2020. Sheria za masoko ya Marekani zinasema S&P 500, faharisi yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, ikishuka asilimia 7 kutoka ilipofungia siku iliyopita, biashara inasimamishwa dakika 15 watu wapumue. Mwezi Machi mwaka ule ilisimamishwa hivyo mara 4, tarehe 9, 12, 16 na 18. Hebu ifikirie ile tarehe 9, soko limefunguliwa dakika chache tu tayari limeshagonga asilimia 7, bei zinaganda kwenye skrini, huwezi kuuza huwezi kununua, umekaa na simu mkononi unasubiri dakika 15 ziishe ili ujue kama likifunguliwa litaendelea kushuka au vipi. Halafu unarudia zoezi hilo hilo siku tatu mbele. Tarehe 23 ndio ikawa chini kabisa, S&P 500 ilikuwa imepoteza asilimia 34 tangu kilele chake cha tarehe 19 Februari. Kesho yake, tarehe 24, Dow Jones, faharisi nyingine ya Marekani yenye kampuni 30, ikaruka zaidi ya asilimia 11, kuruka kwa siku moja ambako hakukuwa kumeonekana tangu 1933. Na mtaani hali ilikuwa bado mbaya siku hiyo, wagonjwa walikuwa wanaongezeka, watu wamefungiwa majumbani, biashara zimefungwa. Ilipofika tarehe 18 Agosti S&P 500 ikafunga kwenye rekodi mpya. Aliyeuza tarehe 20 Machi akisema ngoja nisubiri hali itulie, hali ilipotulia bei ilikuwa imeshaondoka zamani.

Kuna jambo la kuzingatia hapo. Siku za kupanda sana mara nyingi zinakaa jirani kabisa na siku za kuanguka sana. Tarehe 13 Oktoba 2008, katikati ya zile wiki ambazo watu walidhani mabenki yote yanakufa, Dow ilipanda asilimia 11. Tarehe 9 Aprili 2025, siku chache tu baada ya S&P 500 kupoteza zaidi ya asilimia 10 ndani ya siku mbili kwa ajili ya ushuru wa Marekani, ikapanda asilimia 9.5 kwa siku moja. Kwa hiyo ule mpango wa "natoka kidogo nitarudi vumbi likitua" kwenye karatasi unapendeza, ila unakutaka uwe sahihi mara mbili, siku ya kutoka na siku ya kurudi, na siku ya kurudi huwa inakuja na sura mbaya kiasi kwamba huwezi kuitambua.

Sasa kipande kichungu. Anguko lililoanza Oktoba 2007 lilishusha S&P 500 asilimia 57 hadi Machi 2009, na rekodi ya zamani haikupitwa hadi Machi 2013. Hiyo ni zaidi ya miaka 5, unaweza kuoa, kuzaa na mtoto akaanza shule. Nasdaq, faharisi ya Marekani yenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifika kilele Machi 2000, ikashuka asilimia 78, ikarudi pale pale Aprili 2015. Dow ya Septemba 1929 ilikuwa 381, Julai 1932 ilikuwa 41, ndio, 41, na ile 381 haikuonekana tena hadi Novemba 1954. Ukihesabu magawio, ile sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa, pamoja na bei za bidhaa zilizoshuka miaka ile, mwekezaji alirejesha thamani yake mapema kuliko hiyo 1954, lakini hata hivyo ni miaka ya kukaa na maumivu.

Na Japani ndio somo ambalo watu wa "soko hurudi" huwa wanalikwepa. Nikkei 225, faharisi ya hisa za kule, ilifunga mwaka 1989 ikiwa 38,915. Ilikuja kuipita hiyo namba Februari 2024. Miaka 34! Mtu aliyeweka kila kitu chake siku ile akiwa na miaka 40, alikuwa na 74 bei iliporudi pale aliponunulia, kama alikuwepo. Mimi hili la Japani nimelisoma sana kwa sababu linanisumbua, na ninachokiona ni mambo mawili. Kwanza bei, watu walikuwa wanalipa zaidi ya mara 50 ya faida ya mwaka ya kampuni, yaani hata kampuni ingefanya vizuri vipi bei ile ilikuwa imeshakula matumaini ya miongo kadhaa mbele. Pili, yule anayeumia kwenye hadithi hii ni yule aliyenunua mara moja, mahali pamoja, juu kabisa. Aliyekuwa ananunua kidogo kidogo miaka yote ile, pamoja na 2003 na 2009 Nikkei ikiwa chini ya 8,000, huyo hadithi yake ni nyingine kabisa, na kama nusu ya hela yake ilikuwa nje ya Japani ndio hata asingeijua sana hiyo shida.

Kuna masoko ambayo hayakurudi kabisa. Wenye hisa Urusi kabla ya 1917 na wa Shanghai kabla ya 1949 walipoteza kila kitu, serikali mpya zilikuja na hisa zikawa karatasi. Silisemi hili kutisha watu. Nalisema kwa sababu mtu mwenye matumaini ambaye hajui kwamba sifuri inawezekana atakuja kuvunjika vibaya, wakati anayejua anajipanga, anatawanya hela kwenye nchi nyingi na analala.

Jambo la kutawanya lina upande mwingine, nao ni kampuni moja moja. Chukua Amazon, na Enron iliyokuwa kampuni ya nishati ya Marekani, zichore chati zao kuanzia mwaka 2000 hadi mwishoni mwa 2001, futa majina. Zote zinaporomoka kwa zaidi ya asilimia 90. Amazon leo kila mtu anaijua, Enron iliomba kufilisika Desemba 2001. Mwaka ule ukiwa umeshika hizo hisa, chati peke yake haikuambii ipi ni ipi, na ukisema "mimi ni mwekezaji wa muda mrefu, nasubiri" sentensi hiyo hiyo kwa moja ni hekima na kwa nyingine ni kujizika. Ndio maana mimi nikisema nina matumaini huwa nazungumzia kapu zima, mfuko wa faharisi wenye mamia ya kampuni ambapo inayokufa inatolewa na inayokua inaingizwa bila mimi kufanya chochote. Kwa kampuni moja sina matumaini ya bure, huko nataka kuona vitabu vya hesabu.

Sasa hesabu ambayo mimi imenisaidia kuliko nukuu zote za wazee wa uwekezaji. Tuseme kila mwezi unaweka 100. Bei ya hisa mwezi wa kwanza ni 10, unapata hisa 10. Inashuka hadi 8, unapata 12.5. Inashuka hadi 5, unapata 20. Inashuka hadi 4, unapata 25. Hapo umeshatoa 400 na ulichonacho kina thamani ya 270, apu inakuonyesha umepoteza zaidi ya asilimia 32 na ndugu zako wanakuuliza kama una akili timamu. Unaendelea. Bei inarudi 5, unapata 20, inarudi 8, unapata 12.5. Simama hapa kwenye 8 kwanza, bei bado iko asilimia 20 chini ya ulipoanzia, vyombo vya habari bado vinasema soko halijapona, lakini wewe umetoa 600 na una hisa 100 zenye thamani ya 800. Uko kwenye faida tayari! Mwezi unaofuata bei inafika 10, pale pale ilipoanzia, umetoa 700 una 1,100. Bei haijaenda popote, imeshuka na kurudi tu, na wewe umepata asilimia 57.

Mfano wangu bei inarudi haraka, sawa, nimeupanga hivyo, maisha hayana adabu hiyo. Ila unaonyesha kitu cha kweli, kwamba kwa mtu ambaye bado ananunua, miezi mibaya ndiyo inayojenga idadi ya hisa, na faida ya mwisho karibu yote inatoka kwenye zile ulizonunua kwa 4 na 5 huku roho haitaki. Kwa mtu ambaye ameacha kununua na anaanza kuchota, mstaafu kwa mfano, hesabu inageuka kabisa, kila anapouza kwa 4 anauza hisa nyingi kupata hela ile ile na zile hazirudi tena. Kwa hiyo ukikuta kijana na mzee wanabishana kama kushuka kwa soko ni kuzuri au kubaya, wote wako sahihi.

Kitu kingine ninachokiangalia soko likiwa jekundu ni magawio, kwa sababu yale yanatoka kwenye faida ya biashara, hayatoki kwenye hofu ya watu. Kwenye lile anguko la 2007 hadi 2009 bei za S&P 500 zilipotea kwa zaidi ya nusu, ila magawio yaliyolipwa 2009 yalikuwa pungufu ya yale ya 2008 kwa takriban moja ya tano. Ni maumivu, lakini sio nusu. Watu waliendelea kununua sabuni, kulipia umeme, kutumia dawa. Bei inasimulia watu wanavyojisikia leo, gawio linasimulia duka liliuza nini. Ila nalo usiliabudu, Shell ililipunguza gawio lake Aprili 2020 kwa mara ya kwanza tangu Vita vya Pili vya Dunia, na kuna watu walikuwa wamepanga uzee wao wote juu ya gawio hilo.

Upande wa kichwa sasa. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha tangu 1979 kwamba kupoteza kunauma zaidi kuliko kupata kiasi hicho hicho kunavyofurahisha, na makadirio ya baadaye yakaweka uzito huo kama mara mbili hivi. Chukua hilo uliunganishe na hili, kwamba S&P 500 kwa siku moja moja inapanda zaidi ya nusu ya siku kidogo tu, karibu ni kurusha sarafu, ila kwa mwaka mzima mzima imepanda karibu miaka mitatu katika kila minne. Maana yake anayeangalia kila siku anaumizwa karibu nusu ya siku zote na kila kidonda kinahesabika mara mbili, wakati anayeangalia mara moja kwa mwaka, hisa ni zile zile, anaumia mwaka mmoja kati ya minne. Ndio maana nilizima arifa zote za bei kwenye simu. Hela inatoka benki yenyewe kwenda kununua, kwa tarehe ile ile, mimi sihusishwi. Kuna mtu atasema huo ni uzembe, labda, ila ni uzembe unaolipa vizuri kuliko bidii ya watu wengi ninaowafuatilia.

Na watabiri, jamani. Agosti 1979 jarida la BusinessWeek lilitoa jalada likitangaza kifo cha hisa. Watu wanapenda kulicheka, lakini ukweli ni kwamba kwa miaka 3 lilikuwa sahihi, Agosti 1982 Dow ilikuwa 776, chini zaidi ya siku jalada lilipotoka, na mfumuko wa bei ulikuwa umekula thamani ya hela katikati hapo. Kisha ikaanza kupanda, na Januari 2000 ilikuwa juu ya 11,000. Upande wa pili wa shilingi, Warren Buffett, yule mwekezaji bilionea wa Marekani, katikati ya Oktoba 2008 aliandika gazetini kwamba ananunua hisa za Marekani, akasema wazi hajui soko litafanya nini mwezi ujao au mwaka ujao. Baada ya hapo S&P 500 ikashuka zaidi ya robo nyingine hadi Machi 2009. Kwa miezi mitano alionekana mzee aliyepitwa na wakati. Mimi hapo ndipo napata faraja yangu, kwamba kuwahi kwa miezi mitano hakukumuua kwa sababu hakununua kwa hela ya kesho, yaani hela ambayo angeihitaji karibuni.

Hela ya kesho ndio ishu nzima. 1929 watu wengi hawakuangamizwa na bei peke yake, waliangamizwa na mikopo, walikuwa wananunua hisa kwa kutoa kidogo mfukoni na nyingine yote ya broka, yaani dalali wa hisa, bei ikishuka broka anataka uongeze hela, huna, anaziuza hisa zako kwa bei yoyote iliyopo. Huyo mtu unamwambiaje awe na matumaini? Uamuzi haukuwa wake tena. Subira yavuta heri, sawa, ila subira ya mwenye mkopo inavuta riba. Kwa hiyo mimi sinunui hisa kwa mkopo, hata soko likionekana bei ya kutupa, na gharama za miezi kadhaa zinakaa benki kwenye akaunti ya kawaida isiyo na mvuto wowote, ile akaunti ambayo kila soko likipanda naiona inanichelewesha na kila likishuka naiona ndio uwekezaji bora niliowahi kufanya. Hatifungani, yaani pale unapoikopesha serikali au kampuni kwa riba, nazo zinasaidia, ingawa 2022 zilitusaliti, zile za Marekani kwa ujumla zilishuka kama asilimia 13 mwaka ule ule ambao S&P 500 ilishuka asilimia 19, kwa sababu riba zilipandishwa kwa kasi. Fedha taslimu ndiyo haikushuka namba, ila na yenyewe mfumuko uliitafuna.

Kuuza nauza, tusidanganyane. Nauza nikihitaji hela kwa jambo nililolipanga, nauza hisa zikizidi sehemu niliyozipangia kwenye mgao wa hela zangu, nauza kampuni ikianza kutoa hesabu nisizozielewa, hiyo ya mwisho nauza bila hata kusubiri bei nzuri.

Na kama unataka kujua una matumaini kiasi gani usijipime leo kwa maneno. Chukua jumla ya hela uliyonayo kwenye hisa, iandike, kisha iandike tena ikiwa nusu, maana nusu imeshatokea zaidi ya mara moja ndani ya umri wa watu walio hai. Kaa na hiyo namba ya pili jioni moja, jiulize ada inalipwaje, kazi ikipotea mwezi huo huo inakuwaje, kwa sababu soko likianguka na ajira huwa zinaanguka. Kama majibu yapo, endelea kununua tarehe yako ikifika. Kama hayapo, punguza hisa sasa hivi wakati chati bado ni ya kijani na wanunuzi wapo.